Jicho la kulia au jicho sahihi? Maana nyingi za neno "right"

Hebu tafsiri sentensi hii kwa Kiswahili, kichwani tu, bila kufungua kamusi: "Put two drops in the right eye."

Wengi wenu mmeshasema: "Weka matone mawili kwenye jicho la kulia." Sawa kabisa. Lakini sasa chukulia kwamba sentensi hiyo imetoka kwa muuguzi anayemkumbusha mwenzake awe makini, maana mgonjwa aliye mbele yao ana jicho moja bovu na moja zima. Hapo "right eye" haina habari na upande wowote. Anachosema ni "hakikisha umeweka kwenye jicho lenyewe, lile linaloumwa." Na jicho linaloumwa linaweza kabisa kuwa la kushoto!

Maneno ni yale yale, mpangilio ni ule ule, dawa ni ile ile, ila macho ni mawili tofauti. Mwingereza anaweza kuuacha utata huo ukae hapo kwenye karatasi, wala hata asiuone. Wewe unayetafsiri huna ruhusa hiyo. Kiswahili kinakudai uchague: ama "la kulia", ama "sahihi". Hatuna neno moja linalobeba yote mawili.

Basi leo tulifungue neno hili. Tuone lina maana ngapi, zilitoka wapi, kwa nini lugha yetu nayo ina ya kwake ya namna hiyo hiyo, na kompyuta zinazotutafsiria kila siku zinaamuaje.

Neno moja, kazi nyingi

Tuanze kwa kuzipanga mezani. Angalia jinsi "right" inavyobadilika ikivuka kuja kwetu:

- "Turn right" ni pinda kulia.
- "The right answer" ni jibu sahihi.
- "Human rights" ni haki za binadamu.
- "A right angle" ni pembe mraba, ile ya nyuzi 90.
- "Right now" ni sasa hivi, na "right here" ni hapa hapa.
- "Right in the middle" ni katikati kabisa.
- "All right" ni sawa, au salama, kutegemea nani kaumia.
- "The right side" ya kitambaa ni upande wake wa nje, ule unaotakiwa kuonekana nguo ikishashonwa.
- "To right a boat" ni kuirudisha wima mashua iliyopinduka.
- "You're coming, right?" ni "Unakuja, si ndiyo?"

Hesabu maneno ya Kiswahili yaliyohitajika: kulia, sahihi, haki, mraba, hivi, kabisa, sawa, nje, wima, si ndiyo. Kumi! Na pale kwenye "hapa hapa" hatukutumia hata neno jipya, tumerudia tu lile lile, kwa sababu ndivyo Kiswahili kinavyokaza maana.

Mwanafunzi akiiona orodha hii anaweza kudhani Waingereza waliamua kututesa. Lakini ukichimba kidogo, unakuta nyingi ya maana hizi ni za ukoo mmoja.

Chimbuko: kitu kilichonyooka

Katika Kiingereza cha kale neno hili liliandikwa "riht". Asili yake inarudi kwenye mzizi wa zamani sana wenye maana ya kunyooka, mzizi ambao umezaa pia "rectus" ya Kilatini, yaani iliyonyooka, na "recht" ya Kijerumani.

Ukishika wazo hilo la kunyooka, mengine yanafuata. Kilichosimama wima kimenyooka: ndiyo maana mashua inayorudishwa wima inakuwa "righted". Pembe ya nyuzi 90 ni ile ambayo mstari mmoja umesimama wima juu ya mwingine, ndiyo maana ni "right angle". Hapa wanafunzi wa hesabu mnisikilize vizuri: pembe hiyo haina uhusiano na mkono wa kulia. Inaweza kufungukia kushoto, juu au chini, na bado ikaitwa "right".

Kutoka kwenye kunyooka kwa mstari unaingia kwenye kunyooka kwa mwenendo. Hata sisi tunasema mtu mnyoofu, tunasema fulani amepinda, tunamwambia kijana anyooshe maisha yake. Jibu lisilopinda ni jibu sahihi. Na kile ambacho ni sahihi mtu akipate, anachostahili, ni haki yake. Hatua moja baada ya nyingine, kutoka rula mpaka mahakamani.

Sasa swali: mkono umeingiaje? Waingereza wa kale hawakuuita mkono wa kulia "right". Waliuita kwa neno lenye maana ya "wenye nguvu zaidi". Baadaye, katika karne za kati, neno hilo likafa na nafasi yake ikachukuliwa na "right", kwa maana ya mkono ulio sawasawa, mkono unaofaa. Kwa hiyo upande, ambao wengi wetu tunafundishwa kama maana ya kwanza, kihistoria ni mgeni aliyekuja nyuma. Na "left" je? Hilo linatokana na neno la kale lililomaanisha dhaifu. Mkono mmoja ukasifiwa, mwingine ukatukanwa, na matusi hayo yamebaki kwenye ramani na alama za barabarani mpaka leo.

Msiwacheke Waingereza

Kabla hujawacheka, tazama mikono yetu wenyewe. "Kulia" katika "mkono wa kulia" ni kitenzi kula katika hali ya kutendea: mkono wa kulia chakula, kama vile kijiko cha kulia. Kwa hiyo Mswahili naye hakuutaja upande kwa jina la upande, aliutaja kwa kazi yake ya heshima.

Jina jingine la mkono huo ni "mkono wa kuume", kutoka kwenye -ume, na wa kushoto ukaitwa "mkono wa kike". Sina haja ya kukueleza nani alipewa sifa na nani hakupewa. Halafu kuna "yamini", tuliyoipokea kutoka Kiarabu. Huko ni mkono wa kulia na pia ni kiapo, na sisi tukisema mtu "amekula yamini" tunamaanisha ameapa.

Ukienda Ulaya hadithi ni hiyo hiyo. "Droit" ya Kifaransa ni kulia, ni iliyonyooka, na ni sheria au haki. Kilatini kiliuita upande wa kulia "dexter", Waingereza wakalichukua kutengeneza neno la ustadi wa mikono. Upande wa kushoto uliitwa "sinister", neno ambalo katika Kiingereza cha leo maana yake ni chenye dalili ya uovu. Mwaka 1909 msomi wa Kifaransa Robert Hertz aliandika makala maarufu akiuliza kwa nini jamii nyingi zimeupandisha hadhi mkono mmoja, wakati tofauti ya miili yenyewe ni ndogo. Jibu lake lilikuwa kwamba jamii imechukua tofauti hiyo ndogo ikaigeuza kuwa picha ya vitakatifu na visivyo vitakatifu.

Na hili si la vitabuni tu. Takriban mtu 1 katika kila 10 ni wa mashoto. Wengi wao walipigwa vidole utotoni ili waandikie mkono "unaofaa". Lugha haikuwapiga, watu ndio waliowapiga. Ila lugha iliwapa watu hao neno lililowafanya wajione wanarekebisha kosa.

Maana ya kisiasa pekee ndiyo yenye mwaka. Mwaka 1789, katika Bunge la Ufaransa lililojadili kama mfalme awe na kura ya turufu, waliomuunga mkono walikaa kulia kwa mwenyekiti, na waliompinga wakakaa kushoto. Viti vile ndivyo vilivyozaa "mrengo wa kulia" na "mrengo wa kushoto" tunaousikia kwenye taarifa za habari. Ilikuwa suala la nani kakaa wapi, basi.

Ndugu wa damu au majina yamefanana tu?

Wanaisimu wanatenganisha mambo mawili hapa, na ukiyaelewa utasoma kamusi kwa macho mapya.

La kwanza ni polisemia: neno moja lenye maana nyingi zilizo ndugu. "Right" ya upande, ya usahihi na ya haki ni ndugu, tumeshaona baba yao.

La pili ni homonimia: maneno mawili tofauti ambayo umbo lake limegongana kwa bahati. Mfano mzuri ni jirani yake, "left". "Left" ya kushoto na "left" ya "she left", yaani aliondoka, hazina undugu wowote. Zimekutana njiani zikavaa shati moja. Ndiyo maana "Who is left?" inaweza kuwa "Nani amebaki?" na, kwenye mjadala wa siasa, "Nani ni wa mrengo wa kushoto?"

Kiswahili kinayo yote mawili kwenye neno moja. Chukua "kulia". Kulia ya kula na kulia ya upande ni polisemia, moja imezaa nyingine. Lakini kulia ya machozi ni kitenzi kingine kabisa, hiyo ni homonimia. Sasa soma sentensi hii: "Ameingia chumba cha kulia." Je, ni chumba cha chakula? Ni chumba kilicho upande wa kulia? Au ni nyumba ya msiba na wametenga chumba cha watu kulia? Mzungumzaji wa Kiswahili hababaiki, anatazama mazingira. Mgeni anayejifunza Kiswahili anahangaika kama sisi tunavyohangaika na "right". Ngoma droo.

Kompyuta inachaguaje?

Binadamu anatazama mazingira. Mashine je?

Mwaka 1949 Warren Weaver, mwanahisabati wa Marekani, aliandika waraka uliochochea utafiti wa tafsiri za kompyuta. Humo alitoa picha nzuri: chukua karatasi nzito, itoboe tundu dogo la kuonyesha neno moja tu kwenye ukurasa. Huwezi kujua maana ya neno hilo. Panua tundu uone maneno kadhaa kushoto na kulia kwake, na mara nyingi maana itajifunua. Jaribu mwenyewe. "Right" peke yake ni fumbo. "Right to vote" ni haki. "Turn right at the mosque" ni kulia.

Mwaka 1960 mwanafalsafa Yehoshua Bar-Hillel akamwagia maji baridi wazo hilo. Alionyesha kwamba kuna sentensi ambazo hata ukipanua tundu hazijifunui, kwa sababu kinachohitajika hakimo kwenye maneno, kimo kwenye ujuzi wetu wa dunia. Mfano wake ulihusu sanduku lililo ndani ya "pen". Sote tunajua sanduku haliingii ndani ya kalamu, kwa hiyo lazima "pen" hiyo iwe kizuizi cha kuchezea mtoto. Lakini nani ameiambia kompyuta ukubwa wa masanduku?

Mifumo ya leo inafanya hivi. Kila neno linageuzwa kuwa orodha ndefu ya namba, yaani vekta. Maneno yanayopenda kuonekana na marafiki wale wale yanapata namba zinazokaribiana. Mifumo iliyovuma kuanzia 2013 ilikuwa na kasoro: "right" ilipewa vekta moja tu, mchanganyiko wa upande, haki na usahihi, kama pilau, biriani na wali wa nazi kwenye sahani moja. Kisha mwaka 2017 watafiti wa Google walitoa muundo unaoitwa transfoma. Katika muundo huu, kila neno kwenye sentensi "linawatazama" wenzake na kupima nani ana umuhimu kwake. "Right" ikikaa na "vote", namba zake zinavutwa upande wa haki. Ikikaa na "turn", zinavutwa upande wa kulia. Tundu la Weaver, ila sasa limepanuka hadi ukurasa mzima na zaidi.

Inafanya kazi vizuri, tusiwe wachoyo wa sifa. Lakini kuna mahali pawili inakwama.

Pa kwanza ni pale ambapo maneno ni machache mno. Programu ya simu ina vitufe, na kitufe kinaweza kuandikwa "Right" tu, hakuna kingine. Mtafsiri, awe mtu au mashine, anapewa orodha ya maneno yaliyotengwa na skrini zake. Je, ni kishale cha kwenda kulia? Ni alama kwamba umejibu sahihi? Tundu limerudi kuwa la neno moja.

Pa pili ni jicho letu. "Put two drops in the right eye" ina maneno ya kutosha, lakini hakuna hata moja linalosema jicho lipi linaumwa. Mashine itachagua ile maana iliyozoeleka zaidi katika maandishi iliyofundishwa, na itaiandika kwa Kiswahili fasaha, bila kusita. Hapo ndipo penye hatari. Kiingereza kilikuwa na utata ambao msomaji makini angeweza kuuona na kuuliza. Tafsiri imeuondoa, na anayesoma "jicho la kulia" hana namna ya kujua kwamba kulikuwa na swali.

Na kulia ni kwa nani?

Tuseme tumekubaliana ni upande. Bado hatujamaliza. Ukisimama ukitazamana na mtu, kulia kwako ni kushoto kwake. Kwa hiyo fani mbalimbali zimejiwekea kanuni. Katika tiba, kulia ni kulia kwa mgonjwa siku zote. Ndiyo maana picha ya eksirei ya kifua huonyeshwa kana kwamba mgonjwa anakutazama: upande wake wa kulia uko kushoto kwako. Ukingo wa kulia wa mto ni ule ulio kulia kwako ukitazama kule maji yanakoenda. Kuna hata jamii, kama wasemaji wa Guugu Yimithirr wa Australia, ambao kwa desturi hawatumii kulia na kushoto kueleza vitu vilipo. Watakuambia kikombe kipo kaskazini mwa sahani.

Wale ambao makosa yao yanaua wamejifunza kutoliamini neno hili. Marubani na waongoza ndege wana maneno maalumu: kukubali ni "affirm", kuthibitisha usahihi ni "correct". "Right" imeachiwa upande. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inawataka wahudumu wathibitishe mgonjwa ni nani, upasuaji ni upi na sehemu ni ipi, na sehemu hiyo iwe imewekewa alama mwilini. Alama ya wino kwenye ngozi haina polisemia.

Kwenye dawa za macho kuna mtego mwingine. Herufi OD ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya jicho la kulia. Lakini OD hiyo hiyo hutumiwa na wengine kumaanisha mara moja kwa siku. Wataalamu wa usalama wa dawa wanashauri maneno yaandikwe kwa ukamilifu, na sasa unajua kwa nini.

Kwa hiyo ufanye nini?

Ukiandika Kiingereza, tumia "correct" unapomaanisha sahihi na acha "right" iwe ya upande, hasa penye dawa, umeme, gari au mashine. Ukitafsiri na ukakuta sentensi yenye njia mbili, usichague kimya kimya. Muulize aliyeandika. Ukiwa unatumia programu ya kutafsiri, ipe sentensi nzima badala ya neno moja, na ikiwezekana aya nzima. Kisha geuza Kiswahili ulichopewa kirudi Kiingereza uone kama umerudi ulikotoka. Ila kumbuka kwamba jaribio hilo halitakuokoa kila mara: "jicho la kulia" litarudi "right eye", na utadhani mambo ni shwari.

Na ukipewa chupa ya dawa ya macho yenye maelezo ya kutafsiriwa, usione haya. Mwonyeshe mfamasia jicho kwa kidole: "Ni hili?"

Kabla hatujaachana, jipime. Tafsiri hizi tatu, kisha jiulize ni ipi ambayo huwezi kuimaliza bila kumuuliza aliyeisema: "You have the right to remain silent." "Keep right." "Is this the right hand?"